Mungu Hakuwa na Gari

Butembo, tarehe 11 Mei 2025

Kwako yaya Katungu, dada yangu mukubwa,

Amani ya Bwana itangulie kufika kwako, kwa maana barua yenyewe itachelewa. Nimemkabidhi Mama Mushagalusa, yule mwenye kuuza vitenge, anayezunguka Uganda nzima kupitia Kasindi mpaka Bunagana ndipo ashuke Goma. Barabara yetu ya Kanyabayonga imefungwa na vita, hilo unalijua kuliko mimi. Simu nayo inakata kabla hatujamaliza salamu, na jambo langu linataka karatasi.

Huku tunapumua. Muke yangu Kavira anasumbuliwa na magoti, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Mimi nimefikisha miaka sabini na moja. Tangu niache biashara ninakaa barazani nikikosoa namna vijana wanavyoendesha magari. Na wewe, huko Goma, Ndosho, mukoje? Mabomu ya janvier tuliyasikia kwenye redio. Tulikulilia siku tatu, mpaka mukwe yako Viateur alipopata rezo ya simu akatuambia uko hai, uko chini ya kitanda, na unalalamika kwamba hakuna aliyefagia huko tangu Noeli. Kavira alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa jambo lenyewe. Padri wenu ameniandikia. Jumapili, dimanche ya tarehe 9 novembre, parokia inataka kukushangilia: miaka themanini ya maisha, hamsini ya ukatekista. Wanaomba mutu wa ukoo aandike maisha yako, yasomwe kwenye misa. Kati ya ndugu zako nimebaki mimi peke yangu, kwa hiyo kazi ni yangu. Nimeshaanza. Sikiliza:

«Mama Apolline Katungu alizaliwa Lubero mwaka 1945. Mama yake alipofariki, aliacha wazo lake la kuwa sista ili amlee mudogo yake wa miaka tisa. Alimfundisha kusoma, akamshonea suruali ya kwanza. Alifika Goma akafundisha wasichana wengi kushona. Mwaka 1996 alifiwa na bwana yake. Mwaka 2002 moto wa volkano ulikula nyumba na mashini zake nne za kushona. Walipomuuliza atafanya nini, alijibu: Afazali, paa lilikuwa linavuja. Akaanza tena na mashini moja ya kuazima. Mwaka 2008, kwa mapenzi ya Mungu, alimpoteza binti yake wa pekee, Rosine, barabarani, wakikimbia vita. Lakini imani yake haikutikisika, wala kicheko chake hakikuzimika.»

Unaonaje? Nataka watu walie kidogo, kisha wacheke sana. Niambie cha kuongeza.

Mudogo yako,
Sikuli


Goma, tarehe 3 Juin 2025

Mudogo yangu Sikuli,

Nakusalimu. Mama alitufundisha kusalimu kwanza, hata kama mutu umemkasirikia. Mwambie Kavira apake magoti mafuta ya nyonyo yaliyopashwa moto, asisikilize wale wa vidonge.

Sisi tuko. Banki zimefungwa, maji yanakuja akipenda anayeyafungua. Viateur anapanda viazi Kibumba na kurudi. Umugwaneza, mujukuu yangu, yuko mwaka wa tano wa sekondari, anataka kuwa muganga. Anacheka kama mama yake, mukono juu ya mdomo.

Nimesoma maisha yangu uliyoyaandika. Mara ya kwanza niliketi. Mara ya pili nilisimama.

Mashini zilikuwa tano, si nne. Nilizilipia mwenyewe, nazijua.

Wazo la kuwa sista umelitoa wapi? Nilikuwa na muchumba, Sikuli. Muuza chumvi wa Lubero, mutu mrefu mwenye aibu. Wewe ulipata surua, nikamwambia anisubiri mpaka upone. Hakusubiri. Hukuwahi kuuliza kwa nini dada yako aliolewa akiwa amekomaa hivyo. Umeona vizuri zaidi kuniweka kwenye konventi.

Lile la paa nililisema, ndiyo. Nililisema kwa sababu wasichana wangu wa kushona walikuwa wanalia na mimi ndiye mukubwa. Kisha nikaenda nyuma ya ukuta wa jirani, nikatapika. Liandike na hilo, wasomewe kwenye misa. Watu wa mji huu wanapenda kunisikia nikitania, wanaenda nyumbani wamepona. Mimi ninabaki palepale.

Na sasa lile lililonisimamisha. «Kwa mapenzi ya Mungu.» Umeandika hivyo kwa mukono wako, bila kukata mstari, bila doa la wino. Futa. Nimefundisha katekisimu miaka hamsini, ninajua ni mambo gani Mungu anayapenda, na hilo halimo. Mungu hakuwa na gari siku ile. Tarehe 27 octobre 2008 wewe ulikuwa wapi?

Jibu hilo tu. Mengine ya misa yatasubiri.

Dada yako,
Katungu


Butembo, tarehe 30 Juin 2025

Yaya mupendwa,

Barua yako imefika imelowa mvua ya Kasindi, lakini hasira yake ilikuwa imekauka vizuri, nimeisoma yote. Hujambo? Sisi hatujambo. Mafuta ya nyonyo yamemsaidia Kavira, sasa anatembea mpaka sokoni kugombana na watu. Shemasi wetu amepata uhamisho. Mvua imeharibu maharagwe. Yule jirani wa upande wa chini, unamkumbuka, mwenye kuimba sauti ya pili vibaya, amepofuka jicho moja na bado anaimba.

Mashini tano, nimesahihisha. Habari ya muuza chumvi imenishangaza. Ningekuwa mukubwa kidogo ningemfuata na fimbo.

Kuhusu mwaka 2008, kama kumbukumbu haijanitupa, octobre ile nilikuwa Kampala kutafuta vipuri vya gari. Ni zamani, yaya. Nafikiri vita vya mwaka huu vimekuamshia vile vya zamani, na si ajabu, hata mimi ninaota risasi. Upumzike. Kunywa maziwa. Lile neno lililokuudhi nimelibadilisha, sasa linasomeka: «kwa njia za Mungu zisizochunguzika». Naona limekaa vizuri.

Mama Mushagalusa amebeba gauni la Umugwaneza. Mwambie ni la babu yake wa Butembo.

Sikuli


Goma, tarehe 17 Juillet 2025

Sikuli,

Kavira nimemsalimu kwa karatasi yake mwenyewe, iko ndani ya bahasha hii. Wewe leo sina salamu yako.

Kampala! Unaniambia Kampala, mimi niliyekufundisha kuhesabu siku za juma kwa vidole.

Basi nitakuandikia mimi hayo maisha unayoyatafuta, ukae usome, na ukifika katikati usiruke.

Nilikuwa nimepanda Kibumba wiki mbili mbele ya siku ile, kwa Rosine na Viateur, kungojea mutoto azaliwe. Asubuhi ile ya jumatatu risasi zilisikika upande wa Rumangabo, kisha zikakaribia. Watu wote waliingia barabarani, na mbuzi, na magodoro, na wagonjwa migongoni. Rosine alikuwa na mimba ya miezi tisa. Tulitembea. Tulipopita ile kona ya mawe meusi, maji ya uzazi yakatoka. Hakuweza hatua nyingine. Viateur alituacha, akashuka bondeni kwa rafiki yake kuazima chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea viazi, ili amlaze juu yake amsukume mpaka Goma. Mimi nilimkalisha Rosine kando ya barabara, nikamshika mgongo.

Nikasikia honi. Nilikujua kwa honi kabla sijaona gari. Kisha nikaona Fuso yako ya kijani, na juu ya kioo yale maandishi ya njano, MAOMBI YA MAMA, ambayo wewe na mimi tulichagua pamoja siku uliyoinunua. Nikamwambia Rosine: «Mujomba wako amefika. Tumepona.» Alitabasamu, Sikuli. Na uchungu wote ule, alitabasamu.

Nilisimama katikati ya barabara, mikono juu. Kitambaa cha kichwa kilianguka, sikukiokota. Ulipunguza mwendo. Nilikuona, ulikuwa na kofia ya bluu. Ulinitazama machoni, ukamtazama yeye pale chini. Kisha ukapiga honi ndefu, ukakata usukani kushoto, gurudumu likaingia kwenye majani, mimi nikaruka nikaanguka juu ya mawe, na wewe ukapita. Watu uliowabeba juu ya mizigo waligeuka kunitazama mpaka mukapotea.

Rosine aliniuliza: «Mama, yule si mujomba?»

Nikamwambia: «Hapana, mwanangu. Magari yanafanana.»

Huo ndio uongo niliomuaga nao. Kwa gari ilikuwa nusu saa mpaka hospitali. Kwa chukudu, kati ya watu wale wote, tulifika Kibati tu. Nilimzalisha chini ya mikaratusi, nikakata kitovu kwa makasi yangu ya kushonea. Mutoto alilia vizuri. Damu ya Rosine haikukatika. Nilitumia nguo zote tulizobeba, zikaisha, nikavua sketi yangu. Alikufa mutoto akiwa juu ya kifua chake. Tulimzika palepale Kibati, kando ya kanisa.

Siku ya tatu ulikuja kwenye kilio Ndosho na gunia la muchele. Ulijigaragaza. Ulisema: «Ningejua! Ningejua muko barabarani!» Na mimi nilikuinua. Nilikupangusa machozi kwa kitambaa changu, nikakuchekesha ili usizimie.

Unashangaa kwa nini nilinyamaza? Viateur alikuwa na miaka ishirini na nane na panga kali. Ningemwambia, angekutafuta, na mutoto angebaki bila mama na bila baba. Basi nikakaa na siri hiyo. Miaka kumi na saba ninaongoza sala ya Baba Yetu kanisani, na kila tukifika «kama nasi tunavyowasamehe» sauti yangu haitoki. Watu wanafikiri ni kikohozi. Mama mmoja wa Legio ya Maria ananiletea bonboni, peremende za tangawizi, kila dimanche, na mimi ninapokea, ninamshukuru. Nimekula bonboni za kutosha.

Na kila Noeli wewe unamtumia Umugwaneza gauni. Kila mwaka ni dogo mno, kama vile kwako wewe mutoto huyu hakui. Hili la sasa halimpiti hata mabega.

Usiandike maisha yangu. Kalamu yako ikae mbali nayo.

Katungu


Butembo, tarehe 25 Août 2025

Yaya,

Barua nimeipokea. Sina la kusema. Kavira anakusalimu.

S.


Goma, tarehe 9 Septembre 2025

Sikuli,

Mama Mushagalusa amezunguka nchi mbili, amelala njiani siku nne, amepekuliwa kwenye kila barieri ya askari, ili aniletee maneno saba.

Yapo ya kusema. Unayo. Huyataki. Siku ile pia ulikuwa na nafasi ukafanya kama huna.

Ninajua wewe ni muoga wa kimya, kwa hiyo ninakuachia kimya. Sitakuandikia tena mpaka useme. Nikifa wa kwanza, watakupigia simu, utakuja na gunia la muchele, utajigaragaza, na safari hiyo hakuna atakayekuinua.

Padri ameniuliza maisha yangu yako wapi. Nimemjibu yamekwama njiani.

Katungu


Butembo, tarehe 4 Octobre 2025

Yaya Katungu,

Kofia ilikuwa ya kijivu, si ya bluu. Ninaanza hapo kwa sababu ndipo nilipoweza kuanza. Nimechana karatasi nyingi, Kavira anazikusanya za kuwashia jiko.

Sikuwa Kampala. Nilitoka Kirumba na samaki wakavu, na watu kumi na wanne juu ya mizigo. Kiwanja tulipita kwa shida, Rumangabo tulipita risasi zikivuka barabara. Nilikuwa ninaendesha na mikojo kwenye suruali, hilo nalo ni kweli.

Nimekuwa na majibu yangu, yaya. Nilijiambia kwamba ningesimama, watu mia wangepanda, gari ingeanguka. Nilijiambia kwamba kwenye barieri ya mbele wangeniuliza yule bwana yake ni nani, anasema lugha gani, na wangetushusha wote. Yote mawili yangewezekana. Mutu yeyote akinihukumu, nina la kujibu. Lakini hayo niliyatengeneza Goma, nimeketi, nikinywa chai. Pale barabarani hayakuwepo.

Pale barabarani nilimwona Rosine. Nikaona tumbo lake. Na nikakumbuka siku alipokuja Butembo kuniambia ataolewa na Viateur Nizeyimana wa Rutshuru, asiye wa lugha yetu ya Kinande. Wewe hukuwepo. Nilimwambia: «Ukiolewa na watu wa lugha ile, siku ya shida usinitafute.» Alicheka. Alifikiri ninatania, kwa sababu nyumba yetu ni ya kutania, wewe ulitulea hivyo. Mimi sikutania. Walikuwa wamenichomea duka moja Kiwanja mwaka uleule, au nilisema ni wao, sikuwahi kujua ni nani. Nilimwekea mutoto yule deni la watu asiowajua.

Basi nilipomwona pale chini, nilisema moyoni: wamubebe wa kwao. Nililisema wazi, kwa maneno, kwa Kinande. Kisha nikakata usukani. Sikushikwa na woga, yaya. Woga ulikuwa umeniishia Rumangabo. Ilikuwa chuki, na ilikuwa tamu. Hapo ndipo penye siri yangu, si kwenye gari.

Utamu wenyewe haukufika hata Kibati. Nilipofika Goma nilishusha samaki. Nilikuwa na mafuta ya kutosha na saa nzima ya mchana. Ningegeuza, ningewakuta. Sikugeuza. Nilikaa ndani ya gari, injini imezimwa, nikasema labda watapata mwingine. Ulipotuma habari nilikuwa nimeshajua.

Ulisema nilijigaragaza. Machozi yale hayakuwa ya uongo. Lakini neno «ningejua» lilikuwa la uongo, na wewe uliniinua ukijua. Tangu nisome barua yako ninaona mukono wako ukinipangusa, na siwezi kula mbele ya watu.

Magauni nilikuwa ninayanunua kwa kipimo cha mutoto niliyemwona mara moja, kwenye kilio, ndani ya blanketi. Sikuwahi kuwa na uso wa kuuliza amefika wapi.

Sitaandika maisha yako. Nimeungama kwa padri huku, amenipa maondoleo. Nimeyapokea, lakini yeye hakuwepo barabarani.

Soma barua hii kwa unayemtaka. Viateur akija na panga, atanikuta barazani.

Sikuli


Goma, tarehe 16 Novembre 2025

Sikuli,

Nakusalimu wewe na Kavira na nyumba yote. Tuko wazima. Viazi vya Kibumba vimetoka vidogo lakini vingi. Mvua inanyesha mpaka ndani ya sebule, na safari hii sitanii kuhusu paa.

Barua yako ilifika tarehe 22 octobre. Nilikaa nayo siku mbili. Siku ya tatu nilimwita Viateur mezani, nikamwambia aweke panga nje. Alinitazama kama mutu aliyezeeka akili. Nikamsomea yote, hata lile la lugha, hata lile la utamu. Nilipomaliza alisema:

«Mama, ile siku nilikuwa ninapanda kutoka bondeni na chukudu. Niliona gari ikiondoka. Yale maandishi yapo nyuma pia, nilisoma.»

Nikamuuliza: «Kwa nini ulinyamaza?»

Akasema: «Ulikuwa umebakiwa na ndugu mmoja tu. Nilifikiri hukumwona. Nilisema moyoni: nikimwambia mama, hatabaki na mutu.»

Miaka kumi na saba, Sikuli. Tumekaa nyumba moja, tumekula sahani moja, yeye ananificha mimi na mimi ninamficha yeye. Siku ya kilio ulipokuja, alikutilia maji ya kunawa. Nilidhani anafanya hivyo kwa sababu hajui! Nilimpigia kelele. Nilimuuliza ni nani aliyemwomba kunihurumia. Naye alinipigia kelele mimi, mara ya kwanza tangu amuoe mutoto yangu, kwamba nilimwona yeye ni muuaji, kijana wa panga tu, asiye na kichwa cha kufikiri. Alikuwa na haki. Mimi pia, nilipomtazama, niliona watu wa lugha ile na mapanga yao. Imenichoma, na bado ninaitafuna. Kosa langu si kama lako, usijifariji nalo. Lakini nimeliandika hapa, ulione.

Hatukumwona Umugwaneza. Alikuwa amesimama mlangoni na vitabu vyake. Alisikia yote. Hakulia. Aliuliza: «Babu alipita na mimi ndani ya tumbo?» Tukasema ndiyo. Akauliza: «Na ninyi wawili mulijua, mukaniacha nimwandikie barua za kumshukuru?» Alikusanya magauni yako yote, yale ya tangu utoto, akayapeleka kwenye kambi ya wakimbizi, kwa watoto wanaoyatosha. Kwa siku tisa hakusema nasi neno. Alipika, alifua, alienda shule. Ile nyumba yangu ya kutania ilikuwa kama posta iliyofungwa. Siku ya kumi aliniambia: «Kuku, nimekasirika, na sitaki unichekeshe.» Hapa wananiita hivyo, ndiyo bibi kwa lugha yetu. Nikamwambia sitamchekesha. Nikakaa naye tu. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo.

Misa ilikuwa dimanche iliyopita. Kanisa lilijaa, wasichana wangu wa kushona walikuja, wengine nao ni mabibi. Padri aliniambia hakuna aliyeandika maisha yangu, je, waimbe tu? Nikasema nitasema mwenyewe. Viateur alinishika mukono mpaka mbele. Niliwaambia habari ya muuza chumvi. Niliwaambia mashini tano. Niliwaambia nilitapika nyuma ya ukuta. Walianza kucheka, wakaona sicheki, wakaacha. Kisha nikasema: «Mutoto yangu Rosine hakufa kwa mapenzi ya Mungu. Alikufa kwa sababu watu walipigana, na kwa sababu ndugu yangu wa tumbo moja alikuwa na gari, alituona, akapita. Na nilinyamaza miaka kumi na saba, nikawafundisha ninyi kusema kweli.» Sikutaja jina lako. Halikuwa la lazima, wote wanakujua.

Padri alikuwa anatazama viatu vyake. Nikawaambia tena: «Munasema nina imani kubwa. Imani yangu ni hii: kila asubuhi nimeamka nimemkasirikia Mungu, na nimeenda kumwambia kwake mwenyewe, nyumbani kwake, sikupeleka kwa jirani. Hajanifukuza.» Hapo mwanamke mmoja nyuma akapiga vigelegele. Kisha wengine. Umugwaneza hakupiga. Alinitazama tu, lakini alinitazama.

Sasa sikiliza, nimechoka na taa itakatika.

Utakuja. Pita Uganda kama wengine, mwambie Mama Mushagalusa akuonyeshe magari ya Bunagana. Usilete muchele. Usilete gauni. Viateur amesema atakupokea. Nilimuuliza mara mbili, amesema atakupokea, na hakusema kwa upole. Utalala chumba cha mbele, utakula tunachokula. Asubuhi tutapanda wote wanne mpaka Kibati. Hapo, mbele ya Umugwaneza, utasema kwa mdomo wako yale uliyoniandikia mimi, bila karatasi, na lile la utamu usiliruke. Yeye atakujibu anavyotaka, au hatakujibu. Akikutukana utasimama. Akiondoka hutamfuata.

Usije ukidhani nimekusamehe. Nimejaribu, hata leo kwenye misa nimejaribu, haijaja. Ninakasirika ninapoamka na ninakasirika ninapokuandikia. Lakini mimi nina miaka themanini na wewe sabini na moja, na tukingojea mpaka hasira iishe, mumoja wetu atakuwa udongoni.

Sijakusamehe. Njoo hivyohivyo.

Yaya yako,
Katungu